Limi na Mtungi wa Maabara

"Kama si wewe, nani aliufunga mtungi wa gesi? Ulijifunga wenyewe?"

"Mama Limi, sikuugusa!" alijitetea Jilala, msaidizi wake mpya. "Jana niliiacha mashine kama ulivyonifundisha. Joto nililishusha, gesi niliiacha ipite kidogo kidogo mpaka asubuhi."

"Basi mtungi una mikono!"

Limi, mwanafunzi wa darasa la sita, alisimama mlangoni akiwa na mkoba wa shule. Kila asubuhi hupita na mama yake kwenye maabara ya maji anakofanya kazi mama huyo hapa Geita, kisha huendelea na safari ya shule. Siku hiyo walikuta mashine ya kupimia dawa za wadudu wa pamba kwenye maji imeharibika. Mrija wake mwembamba ulikuwa umeungua, na chupa za maji ya visima zilikuwa zikisubiri kupimwa.

Mzee Bujiku, mkuu wa maabara, aliingia na kusikiliza.

"Jilala, bado uko kwenye majaribio ya kazi," alisema taratibu. "Vua koti. Nenda nyumbani."

Jilala alianza kufungua vifungo vya koti lake jeupe.

Limi alikumbuka alichofanya. Jana jioni alipomfuata mama yake, alipita nyuma ya jengo akaona banda la mitungi liko wazi. Akaona na mtungi haujafungwa. Akaukaza kwa nguvu, akaondoka akijisifu moyoni. Hakuna aliyemwona. Angeweza kwenda zake shule.

"Shikamoo, babu," alisema. "Ni mimi niliyeufunga."

"Marahaba. Wewe?"

"Limi!" mama yake alifoka. "Nani alikutuma?"

"Wewe, mama. Kila siku tukimaliza kupika unauliza, 'Limi, umefunga gesi?'"

Jilala alicheka bila kupenda. Mama Limi hakucheka.

"Gesi ya jikoni inawaka, ndiyo maana tunaifunga," alisema. "Hii haiwaki. Inapita ndani ya mrija wa moto kuzuia hewa. Ukiifunga usiku, hewa inaingia, mrija unaharibika." Akamgeukia Jilala. "Na banda nililiacha wazi mimi. Nimekusema bure, mdogo wangu. Unisamehe."

"Yameisha, Mama Limi."

Mzee Bujiku alimgeukia Limi.

"Nia yako ilikuwa njema, lakini kitu usichokijua, uliza kabla hujakigusa. Kwa hilo umekosea. Ila ungenyamaza, huyu angepoteza kazi kwa kosa lisilo lake, na sisi tungemfukuza tukidhani tumetenda haki. Kusema ukweli kumetuokoa sote."

Kisha akafungua kabati, akatoa boksi dogo.

"Mrija wa akiba ni huu mmoja tu. Ukivunjika, visima vya watu vitasubiri miezi. Nani atauweka?"

Mama Limi alilichukua boksi na kumkabidhi Jilala.

"Wewe," alisema. "Funga vifungo vyako, tuanze."