Bahari Yenye Homa

Wimbi lililoizima injini liliondoka na redio. Boti ndogo ya utafiti ikachukuliwa na mkondo, nchi kavu ikapotea nyuma, na ndani walikuwamo wawili tu: mtafiti wa sili, wale wanyama wa baharini wenye manyoya, na mjomba wake, nahodha, ambaye mkono wake ulikuwa umechanika vibaya.

"Maji ni nusu chupa," alisema nahodha. "Na tunatarajiwa wiki ijayo. Kidude chako je?"

Kidude hicho hubandikwa sili kichwani. Akizamia, kinapima joto la bahari. Akiibuka, kinatuma vipimo na mahali alipo hadi ofisini, kwenye kompyuta ya wifi yake mtafiti, mke wa kaka yake. Mtafiti alikiwasha, kisha akakumbuka.

"Mjomba, nimetuponza. Fomu nilishaijaza asubuhi, kwamba nimekibandika tayari. Wifi ataona sili anajiendea zake!"

Haraka haraka haina baraka. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wenzake hivyo. Nahodha alifunga jeraha kwa kipande cha shati, akafikiri.

"Si kinapima joto? Basi kipe joto."

Bahari ilikuwa nyuzi kumi na mbili, kwapa thelathini na sita. Wakakiweka nusu saa majini, nusu saa kwapani, antena ikichungulia kolani. Walipokezana hivyo siku mbili, wakitetemeka kwa baridi, kila mmoja akinywa kifuniko kimoja cha maji kwa zamu.

"Kwapa lako litaharibu takwimu zetu zote, mjomba."

"Liache lifanye kazi. Miaka hamsini halijasifiwa hata siku moja."

Mtafiti alicheka, halafu akalia. Alimjua wifi yake: kipimo kisichoingia akilini hukifuta papo hapo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Siku ya tatu mchana, maji yamekwisha, boti ya uokoaji ikatokea. Wifi alikuwa wa kwanza kuwarukia, macho yamevimba.

"Juzi nilifuta vyote. Jana nikafuta tena. Leo ndiyo nikajiuliza, bahari gani hii inapandwa na homa kila nusu saa?"

"Nilikufundisha vibaya, wifi yangu," alisema mtafiti, akamkumbatia kwa nguvu zote zilizobaki.

Nahodha alikuwa ameshasinzia chini ya blanketi, kidude bado kwapani. Nusu saa yake ikapita, na hakuna aliyekitoa.