Msaidizi Aliyezibwa Mdomo

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema, kabla mwenzangu Tevin hajawasimulia kwa mbwembwe zake.

Kila Jumatano, chama chetu cha kompyuta shuleni Junju hukutana baada ya chakula cha mchana. Muhula ule tulikuwa tukiandika programu kwa C, lugha ya kompyuta, ya kusoma kipimajoto na kuwasha au kuzima taa ya kuwapasha joto vifaranga arubaini. Bi Kabibi, jirani wa shule, alituazima vifaranga wake, na saa nane angekuja kuwatazama. Akiwakuta salama angetuachia. La sivyo, angewachukua na chama kingebaki na sanduku tupu.

Tulisaidiwa kuiandika na akili unde, tuliyoiita Msaidizi. Kabla ya kazi, Msaidizi alisoma mwongozo tuliouandika pamoja na Mwalimu Pola, mlezi wa chama: usiguse faili usiyoagizwa, jaribu kabla ya kusema umemaliza, kompyuta ikitoa onyo, usilinyamazishe, simama utuulize.

Hilo la mwisho lilinichosha. Saa saba na nusu ilishapita, mguu wangu hautulii chini ya dawati, na Msaidizi akasimama mara ya tatu: "Kuna onyo. Namba ya joto huenda ikatumiwa kabla haijawekwa. Nifanyeje?"

"Huyu ana maswali kuliko shangazi yangu," nikasema.

"Mjibu basi, Kache," akasema Tevin.

Badala yake nilifungua mwongozo, nikafuta mstari ule wa kusimama na kuuliza, nikaandika: ondoa maonyo yote. Maonyo yakatoweka.

"Umejaribu?" Tevin akauliza.

"Unaona onyo lolote hapo?"

Tukaiunganisha taa. Dakika chache baadaye nilikuwa bombani nikinawa uso Tevin aliponijia mbio. "Vifaranga wako wanahema."

Walikuwa wamejibana pembeni, midomo wazi, taa ikiwaka bila kuzima. Niling'oa plagi. Tukawapa maji, tukawanyunyizia kidogo, tukawapepea kwa madaftari. Mmoja alilala ubavu. Nilimshika kiganjani mpaka akapiga teke dogo.

Mwalimu Pola alikuja, akainua waya. "Waya wa kipimajoto umechomoka. Programu haikupata namba, ikaokota takataka, namba ya ovyo iliyosalia kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ikadhani kuna baridi. Ndilo swali uliloulizwa."

Nikaurudisha mstari. Msaidizi akauliza tena, na safari hii nikajibu: kipimajoto kisiposoma, zima taa, piga kengele. Tukachomoa waya kwa makusudi. Taa ikazimika, kengele ikalia.

"Shikamoo, Bi Kabibi," nikasema alipoingia. Aliitikia, akahesabu arubaini, kisha akataka kujua mbona wamelowa. Mwalimu akamweleza yote.

"Lakini Mwalimu," nikasema, "Msaidizi ndiye aliyeandika. Kosa ni lake."

"Ukifuta onyo, hatari inabaki palepale," akasema Mwalimu. "Na anayeagiza kazi ndiye wa kuikagua."

"Si angekataa?"

Bi Kabibi akamrudisha kifaranga wa mwisho katika sanduku letu. "Amekuuliza mara tatu, ukamziba mdomo. Sasa wamlaumu kwa kunyamaza?"