Niliijua Historia Yote ya Klabu, Nikampoteza Ndugu Yangu

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita. Nimesoma historia chuo kikuu, na kazi ya kudumu sina. Nilizaliwa na kukulia kwenye nyumba za askari magereza hapa Luzira, Kampala. Baba ni Mwislamu wa West Nile, mama ni Mkatoliki wa Gulu, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Ndicho tulichokulia. Naandika mkasa huu kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichotumia kuwadanganya.

Tangu utotoni mimi ni mtu wa kuuliza. Nilimuuliza sheikh maswali mpaka akafunga kitabu. Nilimuuliza padri mpaka akaangalia saa. Majirani wakanibatiza jina la Profesa, na si kwa heshima!

"Huyu hata ukimpa chai atakuuliza maji yalichotwa wapi," mama aliwaambia wageni.

Mimi nilicheka. Moyoni nilijivuna. Nilijiona mtu asiyeweza kudanganywa... Jamani! Kumbe mtu anayejiona hivyo ndiye rahisi kuliko wote.

Mdogo wangu, Swaibu, ana miaka ishirini na moja. Yeye hakuwa mtu wa maswali. Alikuwa beki wa kushoto, mwenye mbio ambazo zilifanya hata wafungwa waliotoka kulima nje wasimame kutazama, mpaka askari wawakemee. Na hapa Kampala mpira si mpira tu. Timu za majeshi humchukua kijana kwa sababu ya miguu yake, kisha humpa sare, ajira na mahali pa kulala. Miguu ikichoka, ajira inabaki. Baba, aliyevaa sare maisha yake yote, hakuomba kitu kingine kwa Mungu. Mwaka jana, mwezi wa nne, timu moja ya majeshi ikamwita Swaibu. Kamanda aliyesimamia timu hiyo alimpigia Baba mwenyewe simu.

Wiki hiyohiyo nikakutana na Kenedi.

Kenedi aliuza jezi Nakivubo, katikati ya Kampala, kwenye duka jembamba ambalo ukiingia lazima mwenzako atoke. Alikuwa ameishi Brazili miaka kadhaa na alisema anapeleka vijana wenye vipaji huko. Swaibu alikuwa amesikia habari zake, akaniomba nikamhoji. "Nenda wewe, Dada," aliniambia. "Akikushinda wewe, basi ni mtu wa kweli."

Nilikwenda nimenoa meno. Nilimuuliza klabu gani, mji gani, tangu lini, nani anaijua. Kenedi hakukasirika. Aliinama chini ya meza, akatoa kitabu kinene chenye jalada lililochanika. Kilikuwa historia ya klabu hiyo, kwa Kireno.

"Chukua, nyabo," alisema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Usiniamini mimi. Soma mwenyewe."

Nani angemshuku mtu anayesema usiniamini?

Jina la klabu sitalitaja, kwa kuwa yenyewe haikunikosea lolote. Ni klabu ya mji mdogo wa bara, mbali na bahari, mbali na Brazili ile ya kwenye picha. Kwa majuma matatu nilikisoma kile kitabu, ukurasa kwa ukurasa, simu ikinitafsiria. Nilisoma jinsi mafundi wa reli walivyoianzisha, wakicheza kwenye uwanja wa kutengenezea mabehewa. Jinsi wake zao walivyoshona jezi za kwanza kwa kitambaa cha magunia ya kahawa, kikawachubua wachezaji kwapani. Jinsi walivyoifunga timu kubwa ya mji mkuu wa jimbo, na treni ya wageni ikaondoka bila kupiga honi. Reli ilipokufa, mashabiki walijenga jukwaa la uwanja kwa matofali waliyobeba kichwani baada ya misa.

Niliipenda ile klabu! Nilijua majina ya makipa wake kuliko majina ya binamu zangu. Na kila Jumamosi nilirudi dukani na maswali mapya. Kenedi alinijibu yote. Kwa nini walibadilisha rangi? Alijua. Kwa nini walishuka daraja? Alijua hilo pia. Akanunua soda, tukakaa juu ya marobota ya jezi, nikaanza kuvaa vizuri siku za Jumamosi... Mnaelewa.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonikwaruza. Kwenye kitabu, kila mwaka ulianza Januari na kuishia mwezi wa nne. Baada ya hapo mwandishi aliruka hadi Januari nyingine. Nilimuuliza Kenedi, miezi mingine wanafanya nini?

Alitabasamu. "Unajua, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo? Wewe kichwa chako kingekuwa kinafundisha chuo kikuu."

Nikaona haya, nikacheka, nikaangalia chini. Swali langu halikujibiwa. Nilipewa sifa, nikaipokea kama jibu!

Nyumbani tukakaa kikao. Nilikuwa nimeiandika historia ya klabu kwa Kiswahili, kurasa kumi na mbili, nikawasomea. Baba alisikiliza akiwa amevua kofia. Nilipomaliza alisema, "Kama huyu aliyebishana na sheikh na padri ameridhika, mimi ni nani nikatae?"

Mama peke yake ndiye aliyekuwa bado anachambua mchele. "Wakimaliza kucheza," aliuliza, "wanakula nini?"

"Mama, hii ni klabu ya vizazi vitatu, si kibanda cha chapati!" nilimjibu.

Swaibu akaangua kicheko. Mama akarudi kwenye mchele wake.

Swaibu hakwenda kuripoti kwa kamanda. Aliondoka mwezi wa tano, na viza ya matembezi na tiketi ya kwenda na kurudi, ambayo ilikuwa lazima ili aruhusiwe kuingia. Kurudi kwake kulikuwa baada ya siku thelathini. Kenedi, ambaye Baba alimlipa nauli na ada yake kutoka kwenye akiba, alituambia hiyo ni karatasi tu, mkataba ataukuta huko.

Siku ya tatu Swaibu akanipigia simu ya video. Aligeuza simu nione. Lile jukwaa la matofali lilikuwepo, kama lilivyo kitabuni, na geti lilikuwa na kufuli. Uwanjani kulikuwa na farasi wawili wanakula majani.

"Dada," alisema, "mbona hakuna watu?"

Mlinzi mmoja mzee alimweleza kwa vidole na kwa simu ya kutafsiri. Klabu ndogo za huko hucheza ligi ya jimbo lao tu. Ligi ikiisha mwezi wa nne, mikataba inaisha, wachezaji wanatawanyika, wengine wanarudi kupaka rangi nyumba na kuendesha malori. Klabu inalala. Itaamka mwisho wa mwaka kujiandaa kwa Januari. Wala si siri! Kila mtu mjini anajua. Mzee yule alimwonea huruma, akampa chumba chini ya jukwaa.

Nilikimbia Nakivubo. Nilitegemea duka limefungwa, mtu ametoroka. Wapi! Kenedi alikuwa anakunja jezi.

"Klabu ipo au haipo?" aliniuliza kwa upole.

"Ipo, lakini..."

"Nilikudanganya wapi, Profesa? Ulitaka kujua ilianzishwa na nani, nikakwambia." Akaweka jezi rafuni, akaipangusa. "Mama yako, ulivyonisimulia, nisingemweza. Watu kama yeye huuliza mambo ya chakula. Wewe nilikupa kitabu, nyumba nzima ikafuata."

Nilitoka nje nikitembea kati ya mizigo na makelele ya makondakta, sijui hata naelekea wapi.

Mpaka hapo ningeweza kusema nilitapeliwa. Watu wangapi hawatapeliwi? Lakini sasa nafika kwenye dhambi yangu mwenyewe, na hii hakuna aliyeniuzia.

Swaibu alitaka kurudi. Alisema hivyo wazi. "Tiketi ninayo, Dada. Nirudi?"

Nilifikiria uso wa Baba. Nilifikiria majirani. Profesa! Profesa aliyemtoa ndugu yake mkononi mwa kamanda akampeleka kwa farasi wawili! Nikamwambia asirudi. Nikamwambia Januari si mbali, klabu ina historia ya kuamini vijana wasiojulikana, nikamtajia hata majina. Akanisikiliza. Maisha yake yote alikuwa akinisikiliza. Siku thelathini zikapita, tiketi ikafa.

Na nyumbani nikaanza kutunga. Leo wameshinda mechi ya kirafiki. Leo Swaibu ametoa pasi ya goli. Nilijua majina ya viwanja vyote vya jimbo lile, nilijua klabu ipi ina uhasama na ipi, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na mifupa. Baba alizipeleka habari zamu zake zote, na askari wenzake wakawa wanamsubiri getini wamsikilize.

Swaibu alipata kazi. Mji ule una kiwanda cha kuku wanaopelekwa nchi za Kiarabu, na wanatafuta Waislamu wa kuchinja. Anasimama kwenye baridi tangu alfajiri, kuku wanapita mbele yake wananing'inia, naye anasema Bismillahi na kukata, Bismillahi na kukata, mpaka mkono unakufa ganzi. Januari ilipofika alikwenda kwenye majaribio. Majina yalishapangwa tangu Desemba, lakini kocha alimtazama kwa hisani. Dakika ishirini zilitosha. Miguu ilikuwa imejifunza kusimama kiwandani, si kukimbia.

Ligi ikaanza kweli, na uongo wangu ukaisha. Afande Odongo, aliyekuwa zamu moja na Baba, alitafuta orodha ya wachezaji kwenye simu. Hakulikuta jina.

"Mzee," alimwambia mbele ya wote, "kijana wako ni beki wa kushoto au beki wa kutoonekana?"

Wakacheka mpaka wakashika magoti. Baba alirudi nyumbani akiwa amevaa kofia yake, akakaa nayo, akaniuliza mara moja tu. Nikasema yote. Kufuli, farasi, tiketi, kuku.

Nilitegemea kuchapwa makofi. Baba aliuliza jambo dogo. "Ulijua lini?"

"Mwezi wa tano. Wiki aliyofika."

Akavua kofia. Akaniambia kwamba kamanda alimpigia simu mwezi huo wa tano, na mwezi wa sita tena. Nafasi ya Swaibu ilikuwa haijajazwa. Alikuwa akimwekea mpaka mwisho wa mwezi wa sita. "Mimi nikamjibu kwa majivuno," Baba alisema. "Nikamwambia ampe mwingine, wangu anacheza Brazili."

Mama akainuka, akaingia ndani.

Mnaona? Kenedi alimpeleka Swaibu. Mimi ndiye niliyemzuia kurudi! Kama ningesema wiki ile ya kwanza, angefika na tiketi yake mkononi na kuikuta nafasi yake. Tungechekwa wiki mbili, basi. Niliogopa kuchekwa wiki mbili...

Sasa Swaibu anampigia mama tu. Mimi husikia sauti yake kupitia mlangoni. Hataki kurudi mikono mitupu, na ile nafasi ina mtu mwingine. Nimemwandikia mara nyingi nikimwomba radhi. Anasoma. Hajibu.

Ndugu zangu mliosoma, mnaosifiwa kwa akili, nawasihi. Kuuliza sana si kinga. Mimi niliuliza kila kitu kuhusu wafu wa ile klabu, na sikuuliza walio hai wanaishije. Lakini hata hilo lingesamehewa. Ukigundua umekosea, sema siku hiyohiyo, mbele ya walewale waliokuamini, kabla hujapata muda wa kutafuta maneno mazuri. Usiseme utasubiri mambo yatengemae kwanza.

Mimi nilisubiri miezi minane. Ndugu yangu ndiye aliyesimama kwenye baridi.