Kitambaa Kilichomtosha Konsolata

— Hiki kimeshonwa kwa kipimo cha mkono wangu.

Konsolata alikuwa amesimama katikati ya kibanda cha Sudi, fundi cherehani wa mtaa wa Rwezamenyo. Kitambaa cha njano kilikuwa kimemkaa juu ya kiwiko sawasawa, kama ngozi yake mwenyewe.

Alikivaa kwa utani tu. Alikuja kumletea Sudi chai, akakuta rundo la vitambaa vya njano mezani, akaokota kimoja kilichowekwa pembeni. Vingine vyote vilikuwa vipana na vigumu. Hiki kilikuwa na bitana laini ya satini ndani.

— Nakuuliza, Sudi. Nani mwingine Kigali nzima anajua kipimo cha mkono wangu?

— Ni kitambaa tu, Konso.

— Cha nini?

Sudi akaondoa mguu kwenye pedali.

— Ni kazi ya Mutabazi.

Mutabazi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa wa bondeni, alikoishi Konsolata. Kazi ya Konsolata ilijulikana. Mchana alifua nguo za watu, jioni alikaa baa, na mwanamume mwenye pesa akimwita, alikwenda. Mwaka ule yeye na wenzake walikuwa wamekamatwa mara mbili, wakapandishwa gari na kupigwa. Mara zote mbili Sudi ndiye aliyempelekea dawa.

— Kuanzia Jumatatu mnapewa ruhusa ya kazi yenu, Sudi akasema haraka haraka. Kadi yenye picha, daktari kila mwezi, namba mlangoni, kitambaa mkononi. Mwenye kitambaa hakamatwi. Hakamatwi, Konso! Nilitaka usipigwe tena.

— Na jina langu nani alimpa?

Sudi akaanza kukunja vitambaa vilivyokuwa mezani.

— Nyumba yangu nani aliionyesha?

— Mimi.

Konsolata akakivua kitambaa taratibu.

— Nimelala na wanaume wengi, hakuna hata mmoja aliyeniuza. Umeniuza wewe, ambaye hujawahi kunigusa.

— Sikukuuza! Nilikutafutia kinga. Hata Mama Kaze amekubali, na ndiye mkubwa wenu.

— Mama Kaze amechoka kukimbia. Mimi pia nimechoka. Lakini sikuomba ruhusa, Sudi. Niliomba waache kunikamata. Basi.

— Si ni kitu kimoja?

— Hata kidogo! Wakiacha kunikamata, kesho naweza kufungua genge la nyanya na hakuna atakayeniuliza kitu. Wakinipa ruhusa, lazima kwanza wajue ninalala wapi. Na aliyeitoa, siku akiamka vibaya, anaichukua.

Akatoa kitambulisho chake mkobani, akakiweka juu ya cherehani.

— Kadi moja ninayo tayari. Ina neno moja tu linalosomwa vizuizini, kabila langu, na wakilisoma wananiweka kando. Wewe unaniongezea ya pili?

Akakichukua tena, akaondoka. Chai ikapoa palepale.

Jumatatu Mama Kaze alipita mbele ya kibanda, mkono juu, kitambaa kinang'aa.

— Fundi! Leo nimewapita askari kama mke wa waziri! Wamenisalimia!

Alhamisi alipita tena. Safari hii hakucheka.

— Kuna vijana wanakuja mchana, sha, rafiki yangu. Wanasimama mlangoni, wanasoma namba, wanaondoka.

— Wanataka nini?

— Ningejua wanachotaka ningelala. Hawasemi kitu.

Sudi alifunga kibanda kabla ya adhuhuri, akashuka bondeni kwa Mutabazi. Alimkuta anakula mshikaki.

— Mzee, lile jina la Konsolata nilikosea. Naomba mlitoe.

— Fundi, fundi! Jina iko kama shati? Halinitoshi, nirudishie?

— Nifanyeje basi?

— Njia iko moja. Mwanamke mwenye mume hahitaji kadi. Mume ndiyo kadi yake. Mutabazi akafuta midomo. Ariko, lakini fundi, utaoa ile? Mama yako atakula pilau ya harusi hiyo?

Sudi akaenda moja kwa moja kwa Konsolata. Alikuwa uani, mikono kwenye povu. Mlangoni pake walikuwa wameshaandika 14, kwa rangi nyeupe, kubwa.

— Konso, tuoane. Mutabazi amesema ukiwa na mume…

— Basi muoane na Mutabazi.

— Nisikilize.

— Nasikiliza. Lakini niombe bila kutaja jina la mtu mwingine.

Sudi akachuchumaa kando ya beseni. Midomo ilimchezacheza, na anayemjua angetambua kwamba alikuwa anaomba dua.

— Miaka mitatu nakushonea magauni, akasema. Kila gauni nilikosea kipimo makusudi, ili urudi. Mara kiuno, mara bega. Kitu pekee nilichokushonea kikakutosha mara ya kwanza ni kile kitambaa. Hilo ndilo linaloniua.

Konsolata akaacha kufua.

— Na mimi nilidhani wewe ni fundi mbovu tu, nikakuonea huruma.

Wakacheka wote wawili, kisha Konsolata akaanza kulia.

— Mama yako je?

— Juzi nilimwambia nakupenda, akalia. Leo ameniuliza kama unakula pilipili.

— Sikia. Hutakuwa kadi yangu. Utakuwa mume wangu. Siku ukivichanganya hivyo viwili, mimi naondoka.

— Sitavichanganya.

Walioana mwezi wa tatu, 1994. Shehe alisoma dua, na bibi harusi naye, Mkristo, alisema amina kwa sauti. Gauni lilimkaa vizuri. Mama Kaze alicheza, lakini kila pikipiki ilipounguruma nje aligeuka kutazama.

Asubuhi iliyofuata Konsolata alifungua mlango wa nyumba ya Sudi ili afagie.

— Sudi. Njoo uone zawadi yetu.

Mlangoni kulikuwa na 14. Rangi ilikuwa bado mbichi.

— Lakini huku si mtaa wa Mutabazi!

— Kwani aliyeandika aliuliza mtaa?

Mungu huwaonya watoto wake kwa vitu vidogo. Siku ile alitumia rangi nyeupe. Sudi alishika tambara afute, Konsolata akamzuia.

— Usifute. Watajua tumeiona. Funga kichwa cha cherehani kwenye blanketi.

— Twende wapi?

— Mpakani, Rusumo. Kisha Ngara, kwa baba yako mdogo.

— Na mama?

— Ameshavaa viatu. Yeye ndiye aliyeiona kwanza, alipotoka alfajiri.

Walipitia bondeni. Mama Kaze alikuwa amekaa mlangoni, chini ya namba yake, anachambua maharage.

— Dada, twende wote, Konsolata akamwambia. Usichukue kitu. Simama tu.

— Mimi? Nikakimbie tena, na uzee huu? Mama Kaze akatabasamu. Mimi nina ruhusa, mwanangu.

Akainua mkono, akawapungia. Walipofika juu ya kilima Konsolata aligeuka. Mtu alikuwa haonekani tena, wala nyumba. Kilichoonekana ni kile kitambaa cha njano tu.