Mstari wa Manjano

Kila siku akitoka shule, Kiroboto alikuwa na kazi tatu kabla ya kugusa spana: kuvua sare, kula, na kunawa mikono. Hiyo ya tatu iliwashangaza wengi. Nani ananawa mikono ili akajipake grisi? Lakini mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Fundi, hakutaka mchezo na mchanga. "Ukiniingizia mchanga kwenye injini, utautoa kwa ulimi," alikuwa akisema, na Kiroboto hakuwahi kuthubutu kuuliza kama ule ni utani.

Jina la Kiroboto alipewa na bibi yake, kwa sababu hakuwa mtoto wa kutulia. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye miguu myembamba na haraka isiyokwisha. Alikuwa anaweza kuondoka mbio huku kiatu cha pili bado kiko mkononi.

Gereji yao ilikuwa chumba kimoja kilichoshikana na nyumba. Mchana ziliingia pikipiki za kubeba abiria na mizigo, zenye matairi yaliyolika na breki zinazopiga kelele. Lakini pale kwenye kona ilisimama pikipiki moja, ya shangazi yake, ambayo haikuwahi kubeba abiria. Ilikuwa nyepesi, nyembamba, yenye matairi laini yaliyojazwa upepo kidogo tu, na haikuwa na kiti.

"Sasa pikipiki gani hii?" aliuliza Profesa siku ya kwanza alipoiona. Profesa alikuwa mvulana wa darasa moja na Kiroboto, mwenye miwani na maswali mengi. "Shangazi yako anakaa wapi?"

"Hakai. Anasimama."

"Safari nzima?"

"Safari ya wapi? Anapanda mawe!"

Na kweli alipanda mawe. Shangazi, dada yake baba, alikuwa mwoka mikate. Akimaliza kuuza mikate yake alikwenda kufanya mazoezi kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, na kila baada ya miezi michache kulikuwa na mashindano. Hakuna aliyekimbizana na mwenzake. Kila mmoja alipita peke yake katikati ya kamba, juu ya majabali, magogo na matope, bila kukanyaga chini. Ukigusa ardhi kwa mguu, unaandikiwa alama moja. Ukianguka, alama tano. Mwenye alama chache ndiye mshindi.

Kwa kuwa mpandaji alisimama muda wote, uzito wake wote ulikuwa juu ya vikanyagio viwili vya chuma, kimoja kila upande. Kiroboto alilijua hilo kuliko mtu yeyote wa rika lake. Alijua kufua chujio la hewa, kulikamua bila kulipasua na kulipaka mafuta. Alijua kupima mnyororo kwa kidole. Alijua pia sheria kubwa ya gereji yao, sheria ya mistari.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi. Bolti ikishakazwa mpaka mwisho, aliyeikaza huchora mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye chuma kilicho pembeni yake. Bolti ikianza kulegea, kichwa huzunguka, na mstari hukatika vipande viwili visivyokutana. Kwa hiyo fundi akitupa jicho tu anajua mambo yakoje. Rangi ya Mama Fundi ilikuwa nyeupe. Mwaka huo Kiroboto naye alikabidhiwa kopo lake, la rangi ya manjano, na alitembea nalo mtaani siku mbili nzima kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Spana kwanza, brashi baadaye," mama yake alimwambia siku aliyomkabidhi. "Nikiona manjano, najua mwanangu amekaza."

Ijumaa moja, mashindano yakiwa kesho yake, Mama Fundi alimalizia kazi kubwa. Shangazi alikuwa amelalamika kwamba akipanda mwamba mkali, tairi la nyuma linateleza kwa sababu uzito wake uko mbele mno. Mama Fundi akakata vipande vya chuma, akavitoboa na kuvichomelea, ili vikanyagio virudi nyuma kidogo na kushuka chini. Kila kikanyagio kilishikwa na bolti mbili. Alizizungusha zote nne kwa vidole.

"Haya, fundi mdogo," alisema. "Zikaze zote nne kwa spana ndefu, halafu uchore mistari."

Kiroboto alikaza mbili za kushoto, akining'inia kwenye spana mpaka miguu ikaacha sakafu. Alikuwa ndio kwanza anahamia kulia, mara mama yake akarudi mbio kutoka nje. Kulikuwa na mteja barabarani ambaye gurudumu lake la nyuma liligoma kufunguka.

"Niazime hiyo spana mara moja."

Akaondoka nayo. Kiroboto akabaki na brashi mkononi na kopo lililokwisha kufunguliwa. Nje, Profesa alikuwa anapiga kelele dirishani.

"Kiroboto! Timu yetu ya mpira imepungukiwa na mtu mmoja, na wale wa mtaa wa pili wanatucheka!"

"Nasubiri spana!"

"Utasubiri mpaka lini? Wanasema tumeogopa!"

Hapo ndipo haraka yake ilipomponza. Alijiambia kwamba rangi isije ikakauka bure. Alijiambia kwamba spana ikirudi atakuja kukaza zile mbili, dakika moja tu. Akachora mistari yote minne, myembamba, iliyonyooka, akafunga kopo na kutoka mbio.

Mchezo ulikuwa mtamu, na wale wa mtaa wa pili walifungwa mpaka wakanyamaza. Kiroboto aliporudi, jasho likimtiririka, mama yake alikuwa anafunga mlango wa gereji.

"Nimeiona kazi yako," alisema Mama Fundi, akimpapasa kichwa. "Mistari minne, safi kabisa. Mimi mwenyewe nisingechora vizuri vile."

Zile bolti mbili za kulia zikamrudia Kiroboto kichwani papo hapo. Alikuwa amezisahau kabisa. Alipaswa kusema pale pale, na mlango ulikuwa bado haujafungwa. Lakini sifa zile zilikuwa tamu, na mkono wa mama ulikuwa bado kichwani.

"Ndiyo, Mama," alisema.

Usingizi wake haukuwa wa raha. Alikusudia kuamka mapema akaze kimyakimya, lakini alipoamka alikuta pikipiki imeshafungwa kwa kamba nyuma ya gari la mikate, na Shangazi anapiga honi.

Kule machimboni watu walikuwa wengi, na injini zilikuwa zikinguruma kila upande. Kiroboto alivizia mpaka pikipiki ikashushwa, akatoa spana ndefu kwenye sanduku la zana.

"Unatafuta nini?" Mama Fundi aliuliza.

"Nataka... nataka kuhakikisha vikanyagio tu."

"Si umechora mistari? Basi. Mwache shangazi yako ajiandae, usimtie wasiwasi."

Kiroboto akairudisha spana. Alikuwa amekamatwa na mistari yake mwenyewe, na roho ilimuuma kwa namna ambayo hakuizoea.

Kipande cha kwanza kilikuwa cha matope na magogo madogo. Shangazi alipita polepole, magoti yamekunjwa, ulimi umetokeza kidogo pembeni kama kawaida yake, na hakugusa chini hata mara moja. Watu wakampigia makofi.

"Wifi yangu!" Shangazi alimwita Mama Fundi kwa furaha. "Vikanyagio vimekaa mahali pake hasa! Kaka yangu hakukosea kuoa."

"Alijua atapata matengenezo ya bure," Mama Fundi alijibu, na wote wawili wakacheka. Kisha Mama Fundi akazunguka upande wa juu wa kipande cha pili, mahali ambapo fundi wa kila mpandaji huruhusiwa kusimama.

Kipande cha pili kilikuwa na ukuta wa mwamba mrefu kama mlango wa nyumba. Mpandaji huukabili kwa kasi fupi, huruka, na kutua na uzito wake wote juu ya vikanyagio. Chini yake kulikuwa na mawe yenye ncha. Shangazi alisimama kwenye mstari wa kuanzia akisubiri filimbi. Kiroboto, aliyekuwa nje ya kamba hatua chache tu kutoka hapo, aliinama na kutazama upande wa kulia.

Mstari wa manjano ulikuwa umekatika. Kwenye bolti ya mbele, kipande kimoja kilielekea juu na kingine kilielekea pembeni.

Kiroboto alishika kamba kwa mikono yote miwili. Profesa, aliyekuja nao kutazama mashindano, alimgeukia. "Una nini?"

"Bolti inafunguka. Sikuikaza."

"Mwambie mama yako!"

"Yuko kule juu, hatanisikia."

"Ukipita kamba watamfukuza shangazi yako mashindanoni!"

Mwamuzi alikuwa ameshaweka filimbi mdomoni. Kiroboto hakungoja zaidi. Aliinama, akapita chini ya kamba na kusimama mbele ya tairi, mikono ameinyoosha.

"Shangazi, usiende! Usiende, tafadhali!"

Filimbi ililia, lakini ilikuwa ya hasira. "Wewe mtoto, toka hapo!" alifoka mwamuzi, mzee mrefu mwenye kofia. Mama Fundi alikuwa tayari anateremka mbio. Watu wote waligeuka, na mamia ya macho yalimkodolea Kiroboto.

"Bolti za kulia hazijakazwa," alisema. "Nilichora mistari kabla ya kukaza. Jana Mama aliponisifu nikanyamaza. Nilidanganya."

Mama Fundi alifika, akapiga magoti na kushika bolti kwa vidole viwili. Ilizunguka. Akainua macho akamtazama binti yake, na Kiroboto aliona afadhali angegombezwa.

Mwamuzi aliinama, akaangalia, akajikuna chini ya kofia. "Sheria ni sheria," alisema. "Ukichelewesha zamu, unaandikiwa alama tano. Lakini sikufukuzi. Huyu mtoto kaingia kwa sababu ya usalama."

"Andika tano, mzee wangu," alisema Shangazi. "Wifi, lete spana."

Spana ikaletwa. Mama Fundi akaishika, lakini Shangazi akanyoosha mkono na kuizuia.

"Mpe yeye."

"Wifi, hapana. Utatua juu ya hizo bolti."

"Najua nitatua juu ya nini. Huyu amesimama mbele ya watu wote akajiaibisha ili nisivunjike mgongo. Hapa hakuna fundi ninayemwamini kuliko yeye. Kaza, mwanangu."

Machozi yalikuwa yanamdondoka Kiroboto, lakini aliishika spana barabara. Alikaza ya mbele, akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote. Akakaza ya nyuma. Akarudi ya mbele, ikagoma kusogea hata kidogo. Kisha, bila kuambiwa, akazunguka kushoto na kuzijaribu zile mbili nazo, ingawa alijua zimekazwa.

"Zote nne, Shangazi."

"Nimesikia."

Filimbi ikalia. Shangazi akaukabili mwamba, injini ikanguruma mara moja, tairi la mbele likainuka, pikipiki ikaruka. Ikatua juu kwa kishindo. Vikanyagio vilibeba uzito wote bila kutikisika. Shangazi alisimama kule kileleni sekunde mbili nzima akijisawazisha, kisha akapita kwenye kamba za mwisho bila kugusa chini. Kiroboto alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na Profesa, kwa msisimko, aliangusha miwani yake kwenye tope.

Jioni Shangazi alitangazwa wa tatu. Bila zile alama tano angekuwa wa kwanza, na wote watatu walilijua hilo walipokuwa wakiosha pikipiki nje ya gereji.

"Nisamehe, Shangazi," alisema Kiroboto. "Nimekupotezea ushindi."

"Umenipotezea kikombe," alisema Shangazi. "Nyumbani sina hata kabati la kukiweka. Miguu yangu miwili naihitaji, kesho nina unga wa kukanda." Akamfinya shavu.

Mama Fundi hakucheka. Aliweka ndoo chini, akaketi juu ya tairi kuukuu na kumvuta binti yake karibu.

"Nami nina kosa langu," alisema. "Nilichukua spana kabla hujamaliza, halafu nikatazama rangi badala ya kushika bolti. Tangu leo bolti za vikanyagio nitazishika mwenyewe hata zikiwa na mistari. Na wewe, kwa mwezi mmoja utakaza, mimi nitachora."

"Mwezi mzima, Mama?"

"Mzima. Sikuadhibu kwa kusahau, maana kila fundi husahau, hata mimi. Nakuadhibu kwa sababu jana mlangoni ulikumbuka ukanyamaza. Ungesema jana, ingetuchukua dakika moja na hakuna ambaye angejua. Leo kusema kumekugharimu aibu mbele ya watu wote, na kumemgharimu shangazi yako alama tano. Ungenyamaza tena, tungekuwa hospitali sasa hivi. Kosa lako liseme mapema, mwanangu, kabla mtu hajapanda juu yake. Na hata ukichelewa, sema hivyo hivyo, kama ulivyosema leo. Kwa hilo najivunia kuwa mama yako."

Kiroboto aliitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa moyo wake ulikuwa mwepesi. Akachukua brashi ya kusugulia, akachuchumaa karibu na shangazi yake, na wakaendelea kutoa tope kwenye matairi.