Kucha Chini ya Kitanda

Mniwie radhi nikiisimulia vibaya. Mimi nimezoea kuchekesha.

Rafiki yangu, muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili, alimpelekea dawa mzee aliyedai kuna kitu kinakwaruza chini ya kitanda chake. Muuguzi alishamshtukia: kelele huanza akiingia mtu wa kumhurumia tu, na kucha za mzee zimelika. Umeme ukakatika, chumba kikawa giza totoro. Kwaru, kwaru.

"Nimekukamata, mzee!" Akambana mikono yote miwili. Kwaru, kwaru. "Aa, leo unatumia miguu! Kesho unarudi kwako."

"Usinirudishe, mwanangu. Kule niko nacho peke yangu."

"Basi kije kwangu, nina nafasi."

Mkwaruzo ukakoma. Mzee akashusha pumzi, akalala.

Jioni ya siku iliyofuata, muuguzi akivua viatu chumbani kwake, chini ya kitanda kukaanza: kwaru, kwaru. Hana wa kumlaumu. Aliyekikaribisha ni yeye.