Nyekundu Ndani ya Chupa

Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, Tahani huingiza chupa ya maji kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, ahakikishe iko sawa. Jumanne hiyo programu ya kompyuta, ambayo kazi yake ni kupaka nyekundu mahali palipoumia, ilipaka nyekundu ndani ya chupa. Tangu lini maji yakaugua? Na chumba kizima cha kliniki ile ya Kiriri kilinuka udi.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Hayat, mdogo wake, mwenye kifafa. Mjomba wao, Sleiman, alikuwa amekwisha kukata shauri.

"Picha ikikosa ugonjwa, vidonge basi," alisema. "Mutoto iko na jini. Nitamupeleka Kanyosha kwa shehe."

"Mujomba, akiacha vidonge atakufa."

"Basi nionyeshe."

Mashine haitaki chuma, kwa hiyo Hayat alivua hirizi yenye mkufu wa chuma aliyoivaa tangu uchanga. Tahani akaifungia kwenye droo.

Mashine ikaanza kugonga. Kwenye kipaza sauti, sauti nzito isiyo ya Hayat ikanong'ona, "Usinipime," na kwenye kompyuta ile nyekundu ikaanza kutembea, kutoka sikio hadi sikio, ikirudi, ikitanda, mpaka ubongo wenyewe usionekane, huku udi ukimzingira Tahani na mlango aliokuwa ameufunga mwenyewe ukifunguka polepole nyuma ya mgongo wake. Aliogopa sana. Kisha akakasirika, maana kwa Tahani hofu haikai kitako.

"We nani wa kunikataza?" alisema kwa sauti ya chini. "Mi napima kila mutu."

Akasoma Ayatul Kursiy, aya ya kujikinga, akazima rangi za programu. Picha ikabaki ya kijivu, na hapo, karibu na sikio la kushoto, kovu linaloleta kifafa likaonekana wazi. Akalipima: milimita kumi na moja.

Mjomba Sleiman aliitazama picha mpaka akatafuta kiti.

"Vidonge viendelee," alisema. "Na jini?"

"Huyo niachie mi."

Hayat alirudishiwa hirizi yake, akaenda nyumbani.

Kesho yake chupa ilitoka safi. Lakini udi ulinuka kwenye nywele za Tahani mwenyewe, na ndani ya sikio lake kitu kilikuwa kinapumua. Akavua pete, hereni na bangili, akazifungia kwenye droo, akalala kwenye mashine.

"Bonfils," alimwambia mwenzake wa zamu, "washa rangi."